Mpira wa Uzi na Alhamisi Yetu

Mwezi uliopita nilikwenda Ujiji kwenye arobaini ya Bi Mwanaidi. Kisomo kilipokwisha na sinia za pilau zikaondolewa, mpwa wake, Jumanne, akaanza kutoa vitu kwenye chumba cha uani, kile nilichopanga nikiwa kidato cha tatu, kwa sababu kimepata mpangaji mpya. Akatoa kapu, akatoa jiko la mkaa lililotoboka, akatoa godoro lililoliwa na panya, halafu akasimama mlangoni na dude la mviringo mkononi, limejaa vumbi. "Dada Skola, na hii takataka niitupe?" Nikamwambia aiweke chini. Akadhani natania. "Kwani nini hii?" "Mpira." "Mpira huu?" Nikasema, kwa sauti iliyowafanya kina mama waliokuwa wanaosha masufuria wageuke, "Weka chini, Jumanne." Akaweka. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kupaza sauti. Nina miaka kumi na tisa na mpaka leo dukani nanyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Najua kuna mtu atasema umri huu hautoshi kuandika kumbukumbu za maisha. Aseme. Nina kaunta buku nne zilizojaa mwandiko wangu, na ile ya pili yote ni ya mwaka huo wa mpira.

Habari za nyumbani kwetu Mwandiga naziacha, hazihusiki. Mwaka ule nyumbani palikuwa chumba kile cha uani: kitanda cha futi tatu, ndoo yenye mfuniko, msumari wa kutundikia sare, na dirisha dogo lililotazama mahali Bi Mwanaidi alipokaa na kigoda chake kuchambua dagaa. Ukuta kati ya chumba changu na chake haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa upande mmoja kilivuka upande wa pili. Nilikuwa nimepanga chumba tu, chakula nijitegemee, lakini siku ya tatu aliponiona nimejifungia na mkate mkavu akagonga mlango kwa mwiko. "We mtoto, chumbani hula wagonjwa. Toka." Nikatoka. Tangu siku hiyo nilikula naye mkekani, ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na siku za neema samaki wa mgebuka wa kuchoma, yeye kichwa na mimi mkia, kwa sababu alisema kichwa ni cha mwenye nyumba. Jioni jirani yake alikuja kuongea, na mimi chumbani nikaandika nilichosikia. Ukurasa mmoja nimeunukuu hivi: jirani anauliza, "Huyu mpangaji wako huwa anaongea?" Bi Mwanaidi anajibu, "Anaongea na daftari." "Linamjibu?" "Mwache. Wewe unaongea na mimi mwaka wa thelathini huu, na jibu langu hujawahi kulisikia."

Shule yetu ilikuwa na uwanja mmoja wa mpira, na kwa utaratibu tulioukuta, Alhamisi jioni ulikuwa wa wasichana. Sitaki kudanganya: mimi sikuwa mchezaji. Niliwekwa beki kwa sababu kule nyuma ndiko nilikoharibu kidogo, na mpira ukinijia nilifumba macho. Ila Alhamisi ndiyo siku pekee niliyokimbia. Binti wa umri wangu akikimbia barabarani, watu wanauliza anafukuzwa na nani. Akikimbia uwanjani hakuna anayeuliza. Kwa saa mbili nilikuwa na miguu, na hakuna aliyenitazama. Ndiyo maana ile Jumatatu ya paredi, Mwalimu Kabwe wa michezo aliposema kuanzia wiki hiyo siku zote ni za timu ya wavulana kwa sababu ya mashindano, nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akabeba kitanda. Rafiki yangu Anitha akanyoosha mkono. Anitha alitoka Mwamgongo, kijiji cha wavuvi, alikaa bweni, na aliongea kwa niaba yetu wawili. "Mwalimu, na sisi?" "Ninyi mtacheza netiboli nyuma ya jiko." "Pale pana mawe, mwalimu." "Basi mruke kamba." Wavulana wakacheka. Mwalimu alipoona kicheko kinamfaa akaongeza, "Wasichana, msinielewe vibaya. Mpira tangu asili yake ni mchezo wa wanaume. Umeanzia Uingereza, kwa wanaume, ukaletwa hapa na wanaume. Someni historia." Usiku huo ukurasa wangu una mstari mmoja tu: Haya, tusome.

Maktaba yetu ilikuwa kabati moja ofisini kwa walimu. Ndani yake, chini ya rundo la mitihani ya zamani, nilikuta kitabu kinene cha Kiingereza kisicho na jalada, kinachoeleza michezo ya dunia. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kila jioni, na nilipofika ukurasa wa nne nilikuwa nimekasirika vizuri kabisa. China ya kale watu walipiga teke mpira wa ngozi uliojazwa manyoya, na wanawake wakiwemo. Huko Meksiko, kabla meli yoyote ya Ulaya haijafika, walicheza kwa mpira mzito wa utomvu wa miti, wanaupiga kwa nyonga, kwenye viwanja vya mawe. Na Misri, maelfu ya miaka iliyopita, ndani ya kaburi la mkubwa mmoja, ukutani wamechorwa wasichana. Wasichana, si wavulana. Wengine wanarusha mipira mitatu kwa pamoja. Wawili wamepanda migongoni mwa wenzao, wanarushiana mpira wakiwa huko juu. Niliitazama picha ile mpaka mwalimu wa zamu akaniambia anafunga ofisi. Uingereza ilikuwemo pia, mwishoni, na kazi yake ilikuwa kuandika sheria. Nikaandika: Kuziandika sheria za kitu si kukizaa.

Picha ya wale wasichana niliinakili kwenye kaunta buku kwa penseli. Bi Mwanaidi alinifuma nikiitazama wakati tunasubiri ugali uive, akaichukua, akaisogeza karibu na jicho lake la kulia kwa sababu la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. "Hawa ni kina nani?" Nikamwambia ni wasichana wa Misri ya kale, wamechorwa kaburini. "Kaburini wakachora mchezo? Hao walikuwa na akili." Akakaza jicho. "Huyu wa chini amedondosha." Nikamwuliza amejuaje. "Si anabeba? Anayedondosha mpira anambeba mwenzake. Wewe ulidhani huyo wa juu amechoka kutembea?" Kitabu kilisema jambo hilohilo, ila kwa tahadhari, kilisema huenda. Bi Mwanaidi hakuwa na huenda. Aliniambia yeye na wenzake walicheza hivyo hivyo, hapa Ujiji, njiani kwenda kuteka maji ziwani: unarusha, unadaka, ukidondosha unainama, mwenzako anapanda mgongoni unamshusha mpaka majini. Nikamwuliza nani aliwafundisha. "Kurusha? Wewe kupiga chafya ulifundishwa na nani?" Na wavulana? "Wavulana walikuwa wanatuibia mipira. Kwa hiyo huyo mwalimu wako ndugu zake nawajua." Jirani akasema kutoka upande wa pili wa uzio wa makuti, "Mwongo huyo, Skola. Kudondosha ilikuwa kazi yake. Unadhani mgongo ule umepinda kwa uzee?"

Nimeliwaza sana jibu lile la chafya. Nilikuwa natafuta mahali mpira ulipoanzia ili nimwonyeshe Mwalimu Kabwe kwa kidole: si kwenu, ni kule. Kumbe kila mahali penye watoto ulianzia pale, na wasichana wa kaburini na wasichana wa Ujiji wakaamua adhabu ileile bila kuonana. Wakati ule sikuweza kulisema hivyo. Nilichoweza ni kumwomba Bi Mwanaidi anieleze mpira wao ulivyotengenezwa. Alinieleza huku anasonga ugali: ndani matambara, juu yake majani makavu ya mgomba, halafu uzi wa nyavu kuukuu, unazungusha na kuvuta mpaka kiganja kinauma. "Halafu unaloweka. Unaanika, unaloweka tena, unaanika. Uzi unajikaza wenyewe. Baada ya hapo hata ng'ombe aukanyage."

Jumamosi nikateremka Kibirizi, zinapofikia boti za Mwamgongo na Kagunga, nikaokota vipande vya nyavu vya kijani kwenye mchanga. Watengeneza nyavu waliniuliza navifanyia nini, nikaona aibu, nikasema kazi ya shule. Niliutengeneza mpira huo chumbani, peke yangu, siku nne. Niliuloweka kwenye ndoo mara tatu na kuuanika nyuma ya choo asiuone mtu. Sikumwonyesha Bi Mwanaidi. Nilitaka nije nao ukiwa umeshashinda. Kwa sababu kulikuwa na kushinda: Anitha alikuwa amemfuata mkuu wa shule, mama mmoja mpole tuliyemwita Madamu, na Madamu akakubali mdahalo wa Jumatano uwe juu ya hilo. Hoja: wasichana warudishiwe Alhamisi. Kura zitapigwa, na Mwalimu Kabwe akasema mbele ya wote kwamba ataheshimu matokeo.

Jumatano shule nzima ilitoa viti nje, uwanja wa paredi. Hotuba niliiandika mimi, Anitha akaisoma. Mimi nilikaa safu ya nyuma na mpira ndani ya begi. Alisoma vizuri. Alipofika kwa wasichana wa kaburini hata wale wa kidato cha nne, ambao hawasikilizi mtu, walisogeza viti karibu. Mwalimu Kabwe akasimama akasema amefurahi, lakini karatasi inabeba chochote, na hao wasichana wa Ujiji waliocheza kwa mipira ya uzi ushahidi wao uko wapi. Anitha alikuwa anangoja hilo. "Skola, lete." Nikapita katikati ya viti na mpira wangu wa kijani, nikampa bila kumtazama mtu, nikarudi hatua tatu. Anitha akamrushia Hamisi, kapteni wa timu ya wavulana. "Jaribu mwenyewe, kapteni." Hamisi akauweka chini na kuupiga teke.

Ulifumuka hewani. Nilisikia kwanza, mlio kama wa kitambaa kinachochanika, halafu nikaona majani ya mgomba yanamwagika na uzi wa kijani unamfunga Hamisi miguuni, na kilichobaki kikabingirika taratibu mpaka kwenye viatu vya Mwalimu Kabwe. Hamisi akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja. Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Kuna mtu alianguka na kiti. Anitha akanisogelea, midomo haichezi. "Uliufungaje?" "Nililoweka." "Ukaloweka? Skola, hiyo si nailoni?" Nikamwambia Bi Mwanaidi alisema uzi utajikaza. "Wa pamba, shoga. Nyavu za bibi zilikuwa za pamba. Nailoni ukiiloweka mwaka mzima inakutazama tu. Nailoni ni mafundo." Kwao Mwamgongo watoto wanalijua hilo kabla hawajajua kuandika majina yao. Mimi wa Mwandiga, wa barabarani, nilikuwa nimeloweka nailoni mara tatu kwenye ndoo. Mwalimu Kabwe akainama, akaokota ncha ya uzi, akaionyesha hadhira. "Historia yenu, mabinti, imefumuka."

Hapo ndipo wasomaji wanapotarajia niseme nilipata ujasiri. Sikupata. Nilichopata ni kazi ya mikono. Uzi ulikuwa unatambaa mavumbini na majani yanapeperuka, na mimi siwezi kuona kitu kimefumuka nikakiacha. Nikapiga magoti, nikakusanya majani, nikayabana kwenye matambara, nikaanza kuzungusha. Ncha ya pili alikuwa nayo Mwalimu Kabwe. Nikasema, "Mwalimu, shikilia hapo hapo. Vuta kidogo." Nadhani hakujua afanye nini, kwa hiyo akavuta. Anitha akapiga magoti upande wa pili, kila mizunguko mitano anafunga fundo la nyavu, na mimi macho yangu yakiwa kwenye uzi nikaanza kuongea. Kiingereza kilinikimbia, nikaongea Kiswahili, na Madamu hakunikataza. Nilieleza ule mpira wa Meksiko, na wa China, na jinsi Bi Mwanaidi alivyomshusha mwenzake mgongoni mpaka majini. Nikasema mpira wetu umefumuka kwa sababu mimi sikujua uzi, si kwa sababu bibi yule hakucheza. Nikasema, "Mwalimu ametuambia tusome historia. Tumesoma. Yeye je?" Sijui nilivyothubutu. Labda kwa sababu nilikuwa natazama chini, na kwa sababu kila nilipozungusha, yeye alilazimika kusogea hatua moja kwangu, mtu mzima na filimbi shingoni, akishika uzi kama aliyeombwa kusaidia kukunja shuka. Nilipomaliza alikuwa amesimama juu yangu. Anitha akafunga fundo la mwisho, akakata kwa meno. Nikampa Hamisi. Akaupiga teke. Ukaenda mpaka kwenye bati la jiko, ukarudi mzima.

Tukashindwa. Wavulana walikuwa wengi kuliko sisi, na mikono iliponyooshwa hakukuwa na haja ya kuhesabu mara mbili. Jioni ile Bi Mwanaidi alinikuta nimekaa mkekani sigusi mgebuka. Nikamweleza yote. Aliposikia nailoni aliweka tonge chini. "Umeloweka nailoni?" "Mara tatu, Bi." Akacheka mpaka akakohoa, na jirani akaja kuuliza kuna nini, naye akaambiwa, naye akacheka, na mimi nikajikuta nacheka na machozi yananitoka. Alipotulia akachukua mpira, akaubonyeza kwa vidole. "Mafundo haya kafunga nani? Mazuri." Halafu akanisukumia kichwa cha samaki, kichwa cha mwenye nyumba. "Kesho siku gani?" Nikasema Alhamisi. Akasema, "Basi kula."

Kengele ya mwisho ilipolia kesho yake tulikuwa tumeshafika katikati ya uwanja, wasichana kumi na mmoja mwanzoni, halafu zaidi ya thelathini. Tulicheza mchezo wa Bi Mwanaidi, kwa sababu hauhitaji goli wala hauhitaji kuruhusiwa. Kurusha, kudaka, ukidondosha unabeba. Mwalimu Kabwe akapiga filimbi. Akaja na kusema tulishindwa kura. Anitha, akiwa mgongoni mwa mtu, akajibu kwa heshima zote, "Ndiyo mwalimu, tulishindwa. Tunacheza." Nilibeba, nikabebwa, nikakimbia. Madamu alisimama barazani na kikombe chake cha chai, akatazama, akaingia ndani. Wiki ile tulipewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja, sote, pamoja na wale waliokuja kutazama tu. Tukafyeka. Alhamisi iliyofuata tukacheza kwenye nyasi tulizofyeka wenyewe, na sijawahi kukimbia kwenye uwanja mzuri kama ule. Tukapewa adhabu tena, tukafyeka tena. Alhamisi ya tatu Hamisi na wenzake walikaa pembeni wakasubiri hadi saa kumi na mbili. Ya nne filimbi haikulia. Mwalimu Kabwe hakuwahi kusema tumepewa, na sisi hatukuwahi kuomba. Sikumsamehe wakati ule. Sasa simchukii. Hayo naona ni mambo mawili tofauti.

Nilipotoka kwenye arobaini niliuweka mpira kwenye mfuko nikapita njia ya shule, ingawa si njia fupi ya kwenda stendi. Sikupanga siku, arobaini ilijiangukia yenyewe Alhamisi. Wasichana walikuwa uwanjani, wa kidato cha kwanza na cha pili, sura nisizozijua hata moja, na wawili walikuwa wamebebana. Nikasimama kwenye ukingo, pale pale tulipokuwa tunafyeka. Mmoja mfupi, soksi moja juu moja chini, akaja kuchukua mpira wao uliotoka. Akaniamkia. Nikamwuliza nani aliwaambia Alhamisi ni yao. Akanitazama kama niliyeuliza nani aliliweka ziwa pale. "Ni yetu tu, dada. Tangu zamani." Nikamwuliza zamani ipi. "Zamani. Tangu shule ianze." Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na ushahidi mfukoni, na mafundo ya Anitha hayajalegea hata moja. Nikautoa tu, nikamrushia. Akaudaka kwa mkono mmoja, akaupimapima uzito, akauona mgeni kidogo lakini si sana, akanirushia kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Nikafumba macho.

"Dada, umedondosha," akasema, na tayari alikuwa anazunguka nyuma yangu.

Nikavua viatu vya msibani, nikainama.